Maswali ya Wasomaji: Lipu Inayobanduka kwenye Nyumba ya Mawe

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumba yetu ya urithi iliyopo Mji Mkongwe, Zanzibar, imejengwa kwa mawe ya matumbawe. Lipu ya sebuleni ilianza kuvimba na kubanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na fundi akapiga lipu mpya ya saruji. Haikumaliza masika mawili. Sasa ukuta unatoa unga mweupe, na fundi anashauri tuongeze saruji. Je, tumsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, msimsikilize katika hilo. Ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa na udongo hunywa unyevu wa ardhini na kuutoa taratibu kupitia lipu ya chokaa, ambayo hupitisha hewa. Saruji huziba njia hiyo. Unyevu hubaki nyuma yake, na chumvi iliyomo ukutani huganda na kuisukuma lipu mpaka ibanduke. Unga mnaouona ndiyo chumvi yenyewe.

Kabla ya kushika mwiko, chunguzeni maji yanatoka wapi: bomba la bafuni linalovuja, mfereji wa paa uliotoboka, au zege iliyomwagwa nje hadi kugusa ukuta. Kisha gongeni ukuta kwa mpini wa nyundo, na kila panapotoa sauti ya uvungu pabanduliwe hadi jiweni, kwa tindo na mkono mwepesi, kwani tumbawe ni laini. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu; mkiiosha kwa maji itarudi ndani. Ukuta uachwe ukauke, hata kama ni kwa miezi, na hapa ndipo wengi hushindwa kuvumilia.

Mchanganyiko uwe sehemu moja ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa vizuri, kwa sehemu tatu za mchanga uliochekechwa, usiwe wa ufukweni. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya mawe. Loanisheni ukuta, mpige tabaka lisilozidi sentimita moja, na msiongeze la pili mpaka la kwanza lisibonyee kwa kidole gumba ingawa ukucha bado unaacha alama. Nyunyizieni maji kwa siku kadhaa, kwa kuwa lipu ya chokaa ikikauka haraka hupasuka. Mwisho pakeni chokaa. Rangi ya mafuta au ya plastiki itawarudisha kwenye tatizo lile lile la saruji. Vaeni miwani na glavu, maana chokaa huunguza macho na ngozi.

Kwa kuwa Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kazi ya ukuta wa nje muiombee kibali kwanza kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

SWALI: Je, nyumba ya matofali ya saruji nayo ipigwe lipu ya chokaa?

JIBU: Si lazima, huko saruji inafaa. Ufa mwembamba upanuliwe kidogo kwa tindo, usafishwe, uloweshwe, ndipo ujazwe. Ukiendelea kupanuka baada ya kuzibwa, mwite mhandisi atazame msingi.