Nakandwa Jumamosi, Jumatatu shingo imekaza tena

SWALI: Mimi ni fundi cherehani. Nikikandwa mabega napata nafuu, lakini baada ya siku mbili maumivu yanarudi. Nifanye nini nyumbani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana. Kukandwa hulegeza misuli, ila ukiinamia cherehani saa nzima inakaza upya. Kila nusu saa simama, zungusha mabega kwa nyuma mara 10. Kisha kaa, shika kiti kwa mkono wa kulia, laza kichwa kushoto mpaka uhisi msuli unavutika. Tulia sekunde 20 hadi 30, badili upande. Usikivute kichwa kwa nguvu. Msuli ukishtuliwa hujikaza kujilinda.

Usiku lala chali, mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6, kwa dakika 5. Tumbo ndilo lipande. Mabega yakipanda, unaitumikisha misuli ileile ya shingo inayokuuma, na wengi hukosea hapo. Ukisikia kizunguzungu, unavuta pumzi kubwa mno, punguza.

Taulo la maji ya moto, yasiyounguza, husaidia pia. Mkono ukifa ganzi au ukilegea, acha kukandwa, nenda hospitali.