Kwenye chesi, Bobby Fischer hakupigwa na Gambiti ya Mfalme (ufunguzi ambao nyeupe anatoa askari wake wa f4 aliwe) jamani
Hapana kaka unayesema gambiti hiyo ndo ilimpiga, ile gemu ya Spassky (nyeupe) na Fischer (nyeusi), Mar del Plata, Argentina, 1960, ufunguzi haukummaliza Fischer. Alikula askari wa Spassky pale f4, akasukuma mwingine g5 kumlinda askari wake aliyekula, mpaka katikati alikuwa na askari wa ziada na yuko fresh tu, ni mwishoni ndo akateleza, kete zikachanganyikana akakubali kushindwa hatua ya 29. Ila dogo wa miaka 17 roho ilimuuma, 1961 akaandika kabisa makala kwamba gambiti hiyo imekufa, eti nyeusi asukume askari d6 hatua ya 3. Cha kuchekesha, 1963 kwenye ubingwa wa Marekani akaicheza mwenyewe na nyeupe dhidi ya Larry Evans, akashinda 😂