Kwa nini Guinevere alimnunia Lancelot

Umeuliza kwa nini Malkia Guinevere, wa hadithi za kale za Mfalme Arthur wa Uingereza, anamnunia Lancelot, shujaa anayempenda kwa siri, ilhali ndiye aliyekuja kumwokoa. Sababu ni mkokoteni. Katika kisa cha kishairi cha Chrétien de Troyes, Mfaransa wa karne ya 12, mkokoteni ule ulikuwa wa kubebea wahalifu, na shujaa mpanda farasi akiupanda amejivunjia heshima mbele ya watu wote. Lancelot alisita kwa hatua mbili tu, kisha akapanda ili amfikie malkia. Malkia anamhesabia hizo hizo mbili! Kwangu mimi utamu wote uko hapo: ni mke wa Mfalme Arthur, penzi lenyewe la haramu, na bado anadai litangulie heshima ya Lancelot bila kusita.