Maji ya Kiwandani Katika Bomba la Umma

SWALI: Mhariri, kiwanda chetu cha kupaka vyuma kromi hulipia huduma ya majitaka kila mwezi. Kwa nini basi tunadaiwa kibali, na tena mtambo wetu wenyewe wa kusafisha? Je, haitoshi kuyazimua kwa maji safi?

JIBU: Mtambo wa umma hujengwa kwa ajili ya maji ya vyooni na jikoni, na kazi kubwa humo hufanywa na bakteria wanaokula uchafu unaooza, kromi hawaili, na ikizidi huwaua, kisha hupita hadi mtoni au hutuama kwenye tope ambalo pengine lingefaa kuwa mbolea. Tindikali nayo hula saruji ya mabomba, ndiyo maana Marekani, kwa mfano, hukataza kumwaga maji yenye pH (kipimo cha tindikali, ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi) iliyo chini ya 5, isipokuwa mtambo uwe umejengwa mahususi kuyapokea. Kuzimua, ambako kanuni hizo hizo zinakataza kutumiwe badala ya kusafisha, hakupunguzi hata gramu moja ya kromi inayoingia bombani. Mkaguzi makini huacha chombo kwenye chemba kikichota sampuli kwa saa 24, jambo ambalo wamwagaji wa usiku hawalipendi kabisa.