Sekunde tano zinawamaliza wanangu

SWALI: Shikamoo Kocha. Nafundisha mpira wa kikapu wasichana wa kidato cha kwanza na cha pili hapa Muheza, tunajiandaa na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Wakibanwa uwanja mzima, mrushaji wetu anaganda na mpira nje ya mstari mpaka refa anapuliza: sekunde tano zimekwisha. Nimeshabadilisha warushaji watatu, hali ni ileile. Nifanyeje?
Mwalimu wa michezo, Muheza

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usitafute wa nne. Watazame wale wengine ndani ya uwanja, wamenyoosha mikono wakiita "hapa, hapa!" na kila mmoja ana mtu mgongoni. Mtoto mwenye mpira hana wa kumpa.

Nalijua hili kwa uchungu. Niliwahi kumfokea mrushaji wangu mbele ya watu mpaka akalia. Usiku nikaurudia mchezo kichwani: hakuna mwenzake hata mmoja aliyesogea hatua mbili. Kesho yake nilimwomba radhi, mbele ya haohao.

Anza hivi. Mrushaji aupige mpira kofi moja. Hiyo ndiyo ishara. Wawili walio karibu wapigiane skrini, yaani kumzibia mlinzi njia kwa mwili: mmoja asimame imara, mwenzake apite akimgusa bega, kisha yule aliyesimama ageuke kuufuata mpira. Mara nyingi ni yeye anayebaki peke yake. Wa tatu akimbilie mbali. Walio benchi wahesabu kwa sauti, moja hadi tano, kila mnaporudia, mpaka mrushaji azoee kwamba "tatu" ikitajwa bado ana nafasi. Wiki ya kwanza msiweke walinzi.

Halafu, wakishafungwa kikapu, mrushaji anaruhusiwa kukimbia kando ya mstari wa mwisho, hata kumpasia mwenzake aliyetoka naye nje, hesabu ikiendelea. Wasichana wengi hawalijui hili, wanasimama kama wamepigiliwa misumari. Ila refa akimwonyesha mahali pa kurushia, asisogee kando zaidi ya mita moja. Kurudi nyuma ruhusa.

Na wasimwonyeshe refa ile ishara ya T wanayoiona kwenye NBA, ligi ya Marekani. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, taimauti (mapumziko mafupi) huombwa kwenye meza ya waandika matokeo na kocha au msaidizi wake, na mrushaji akishapewa mpira, haitolewi tena. Ukiona wanababaika, nenda mezani mapema.