Maji ndani ya kompyuta? Nisikilize kwanza mimi wa Ngamiani

Ndugu yangu wa Raskazone, hela ya hicho kipozeo cha maji kama hujaituma Dar, usiitume! Unauliza upoze kwa maji au kwa hewa hiyo prosesa yako, ubongo wa kompyuta, Ryzen 5 5600. Prosesa ya wati 65 hiyo, joto lake dogo. Rejeta ya kupoza maji, ya milimita 240, ya nini?

Mwaka 2022 niliuziwa cha maji na jamaa mmoja Kariakoo. Maneno yake nikiyakumbuka napandwa na hasira upya: "Kaka, ukishafunga umesahau. Na hata yakivuja, maji haya hayapitishi umeme." Nikamwamini. Mwezi wa kumi na nne tangu nikifunge, usiku, narenda (natoa faili la mwisho la) video ya harusi ya kukabidhi asubuhi, skrini ikazima. Kufungua boksi la kompyuta, pale mpira wa maji unapoingia kwenye pampu pameota utandu wa kijani, na chini yake kitone kinaning'inia juu ya kadi ya picha. Kimoja tu. Nikakumbuka ya yule bwana, nikapangusa kwa kipande cha kanga, nikawasha tena. Hapo ndipo nilipojimaliza. Harufu ya plastiki inayoungua, kadi ya laki saba ikafa palepale, mazabodi, ile bodi kuu, ikaifuata. Maji hayo yakishakaa na chuma mwaka mzima, kisha yakaangukia vumbi lenye chumvi ya pwani yetu, yanapitisha umeme, asikudanganye mtu. Nilipompigia akasema sikufunga vizuri. Mpira ulitoka kiwandani umeshafungwa! Ningeugusa wapi?

Na joto lenyewe: rejeta inapulizwa hewa ileile ya chumbani. Chumba kikiwa nyuzi 32 mwezi wa pili, hakuna maji yatakayoshusha prosesa chini ya hapo.

Kwa hiyo funga kitu ambacho kikifa unakitengeneza hapahapa Tanga. Basi. Pampu ikifa, fundi gani wa hapa ataifungua? Sasa natumia cha hewa: mabomba manne ya shaba, mabati membamba ya alumini, feni moja ya milimita 120. Ramadhani iliyopita feni ilianza kukwaruza mchana. Nikatoka mpaka Barabara ya Nane, nikanunua nyingine, nikaibana kwa vile vibanio viwili vya waya, na futari haijaiva video ilikuwa inaendelea.