Kwenye pikoboli, miguu ndiyo huumia

Ukiishi jimbo la Washington, Marekani, kama mimi, pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira juu ya wavu kwa vibao, huwezi kuikwepa. Hapa ndipo ilipozaliwa. Mwaka 1965, kwenye kisiwa cha Bainbridge, mkabala na Seattle, Joel Pritchard na Bill Bell walichukua vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaingia navyo kwenye kiwanja cha badmintoni ili familia zao zipate cha kufanya likizo ya kiangazi. Barney McCallum akajiunga nao, wakatunga sheria. Sasa viwanja vimejaa kwenye bustani za umma, na sisi Waswahili wa huku, ambao wengi wetu tunafanya kazi za zamu kwenye nyumba za kulelea wazee, tumeanza kuingia. Daktari kasema presha iko juu, sukari inanyemelea, fanya mazoezi. Kukimbia peke yako kwenye baridi kunachosha roho. Pikoboli ina watu, ina kelele, ina utani.

Naipendekeza bila kusita. Kiwanja ni kidogo, futi 20 kwa 44, na mkicheza wawili kwa wawili hakuna anayekimbia mbali. Mtu anafundishwa asubuhi, mchana anacheza. Tatizo nalo lipo hapo hapo: mchezo unaeleweka haraka kuliko mwili unavyouzoea. Wiki chache tu, tayari unajua mpira utaangukia wapi na pumzi inatosha, lakini kano za miguu huchukua miezi kukomaa. Kama una miaka hamsini na kitu na mara ya mwisho kukimbia ulikuwa bado shuleni, kichwa kitaagiza kitu ambacho kisigino hakiwezi kukitoa.

Nikiambiwa nitoe onyo moja tu, nitasema usirudi kinyumenyume. Wachezaji hupenda kusimama karibu na wavu, nyuma tu ya mstari wa lile eneo la futi 7 wanaloliita jiko, ambamo hairuhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Mpinzani mjanja akikuona umeganda hapo, anaupandisha mpira juu ya kichwa chako. Sasa mtazame mgeni wa mchezo: macho juu, kibao juu, miguu inapiga vihatua vya kurudi nyuma. Uzito wote unahamia kwenye visigino. Kisigino kimoja kinakwama, mwili unaendelea kwenda, na mkono usioshika kibao unatangulia chini ili kujikinga. Kifundo cha mkono huvunjika hivyo. Mkono usipotangulia, ni nyonga au kisogo. Akina mama mliokwisha koma hedhi, hili liwahusu zaidi, maana mifupa huwa imeanza kupungua nguvu.

Ukiona mpira unapanda, geuka. Mguu wa upande wa kibao uupeleke nyuma, nyonga izunguke, kisha ukimbie kama anayewahi basi huku ukiuangalia mpira juu ya bega. Huufikii? Uache uende. Ni pointi moja katika mchezo wa pointi 11. Au mwachie mwenzako: kwetu sisi kelele haina gharama, "Shemeji, wako!" naye anajibu "Wangu!", mnabadilishana pande. Kelele hiyohiyo itumike mpira wa kiwanja cha jirani ukiingia kwenu. "Mpira!", na wote wanne mnasimama palepale, hata kama pointi ilikuwa yenu. Kukanyaga mpira ule ni kuteguka kifundo cha mguu.

Halafu kuna vigimbi. Kabla ya kushika kibao, tembea haraka kuzunguka kiwanja, piga hatua za ubavu kwenda na kurudi, zungusha mabega, mpaka ujisikie joto. Nyumbani, simama ukingoni mwa ngazi huku umeshika ukuta, inuka kwa vidole, kisha shuka polepole kabisa; huko kushuka polepole ndiko kunakokomaza kano ya kisigino. Na ukitoka zamu ya usiku ambayo umesimama muda wote, nenda kalale. Kiwanja kitakuwepo jioni.

Raba za kukimbilia ziache nyumbani. Zimetengenezwa kwa kwenda mbele, soli yake ni nene na laini, ukikata kona inapinduka na kifundo kinaifuata. Tafuta za tenisi, soli pana na ngumu ubavuni. Kiwanja kikiwa na unyevu, na huku mvua haituishii, usicheze, kwa sababu rangi iliyopakwa kiwanjani huteleza. Miwani ya kinga pia si maringo, mpira ukipigwa kwa nguvu kutoka upande wa pili wa jiko unafika kabla hujapepesa. Kiwiko kikianza kuuma, legeza mkono. Wengi tunakiminya kibao bila sababu.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukicheza siku moja ukapumzika inayofuata, unazifikisha bila kujiua. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, toka uwanjani na uite msaada.

Ukihisi umepigwa teke nyuma ya kisigino, ukageuka na usione mtu, usiendelee kucheza. Lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, mwenzako akuminye kigimbi. Unyayo wa mguu mzima husogea wenyewe. Usiposogea, kano huenda imekatika, na unatakiwa kuonana na daktari siku hiyohiyo hata kama bado unaweza kuchechemea. Ukisogea lakini maumivu na uvimbe vipo, nenda vilevile. Najua tunavyoogopa bili huku, tukakimbilia dawa ya kuchua. Usichue. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mguu usiukanyagie, na wakati gari linakuja piga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima uulize kituo kipi kilicho karibu wanakilipia.